Mzee Faharasa na Simu ya Saa Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mzee Faharasa anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya malori na mabasi kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Ofisi ya utumishi imempa mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni mhudumu wa dirisha la vipuri, kurasa chache za kijitabu cha sherehe pamoja na maelekezo: aandike kwa nafsi ya tatu, achangamke, na asimlize mtu. Mwandishi ameahidi kujitahidi. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

Kwa wageni wetu ambao hawamfahamu, Faharasa si jina alilopewa na wazazi wake. Ni mafundi waliomwita hivyo, kwa sababu kila kitabu cha mwongozo alichokitafsiri kina faharasa ndefu mwishoni, na kila fundi aliyekwama alijibiwa, "Kamuulize mzee." Malori yetu huja na vitabu vya Kijerumani na Kiingereza. Kazi ya Mzee Faharasa imekuwa kuvigeuza viwe vya Kiswahili, ili mtu aliyelala chini ya gari na uso umejaa grisi ajue ni nati ipi inayotangulia kufunguliwa. Amemaliza vitabu sitini na kimoja. Cha sitini na mbili alikirudisha wiki iliyopita kikiwa nusu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akasema amechoka.

Alianza kama fundi msaidizi wa giaboksi. Mwaka wa tatu kampuni ilimpeleka Ujerumani, kwenye kiwanda yanakotengenezwa malori, akasome kwa miezi kumi na minane. Alirudi na koti zito ambalo mpaka leo linaning'inia nyuma ya mlango wa ofisi yake, na Kijerumani cha karakana. Mwenyewe husema kwamba angeweza kufungua giaboksi nzima na kuirudishia kwa Kijerumani bila kusahau boliti hata moja, lakini dukani ilibidi aoneshe mkate kwa kidole. Kazi ikiisha hakuwa na wa kuzungumza naye. Alikaa kwenye chumba chake cha kupanga akisoma vitabu vya magari, kwa kuwa ndivyo vitabu pekee alivyovielewa. Kisa hicho hukisimulia huku akicheka, nasi tumecheka naye miaka yote. Mwandishi amekifikiria tena mwezi huu na haoni tena kilichokuwa kinachekesha.

Ofisi yake iko juu ya stoo ya matairi. Ngazi ni ishirini na saba, na dirisha ni moja, linatazama ukuta wa sehemu ya kupaka rangi. Zamani kulikuwa na viti viwili. Kimoja kiliazimwa na watu wa uhasibu kwa ajili ya mkutano, hakikurudi, na hakuna aliyelalamika maana hakuna aliyekuwa akienda kukaa. Ukutani limesimama kabati la droo kumi na moja lenye kadi za maneno. Juu ya kila kadi kuna neno la Kiswahili. Chini yake kuna Kijerumani, Kiingereza, na lugha nyingine alizoweza kuzipata. Mwisho kabisa kuna mstari ambao yeye huuita "mdomo": ni nani aliyelitamka neno hilo, na lini. Fundi breki, zamu ya asubuhi. Dereva wa lori la mafuta, siku ya mvua. Hakuna jina la mtu, ni kazi yake tu.

Mstari huo wa mdomo una historia, na kwa bahati mbaya historia yenyewe inamhusu mwandishi. Miaka ishirini na miwili iliyopita wakubwa waliunda kamati ya kusafisha lugha ya vitabu vyetu. Klachi ikafutwa, ikaandikwa "kitenganishi nguvu". Mzee Faharasa alipinga, hakusikilizwa, kitabu kikachapwa. Ndipo dereva mmoja mgeni akaja dirishani na karatasi iliyoandikwa vizuri kabisa: kitenganishi nguvu, kimoja, basi namba fulani. Mhudumu wa dirisha, aliyekuwa na wiki ya pili kazini na aliyetaka aonekane mjuzi, alipekua orodha, akasema hatuna, kisha akatuma oda ng'ambo. Basi likalala uani siku tatu. Nyuma ya mgongo wa mhudumu huyo, kwenye rafu, zilikuwepo klachi arobaini.

Wengine walitaka afukuzwe. Mzee Faharasa alishuka ngazi zake zote, akasimama mbele ya meneja wa karakana, akasema kosa ni la kitabu, na kitabu ni chake, japo kila mtu alijua si kweli. Kisha akageukia dirishani akamwambia yule mhudumu kwamba kuanzia siku hiyo hataandika neno lolote kitabuni kabla ya kuuliza linaitwaje na watu wanaokishika kitu chenyewe. "Nitakupigia," alisema. "Wewe unasikia midomo yote."

Kesho yake saa nne kamili asubuhi simu ya ndani ya dirisha la vipuri, namba kumi na nne, ililia. Imelia saa nne kila siku ya kazi tangu wakati huo. Anaanza vilevile: "Binti wa dirishani, hujambo? Hebu niambie, hiki mnakiitaje?" Anaeleza kitu chenyewe, umbo lake, kinapokaa, kelele kinayopiga kikiharibika. Anajibiwa. Anasema ahsante, analiandika. Binti mwenyewe ana miaka arobaini na tisa sasa, miwani miwili na goti bovu, lakini bado ni binti.

Kwa kazi hiyo Mzee Faharasa alijua mambo ambayo wengi wetu hatukuyawaza. Sisi tuliyapokea magari yakiwa yameshatengenezwa, na majina yake tukayapokea hapo hapo kutoka kwa Waingereza: breki, klachi, giaboksi, plagi, bampa, stata. Tumeyazungusha mdomoni mpaka yamekuwa yetu. Wajerumani walitengeneza magari yao wenyewe tangu mwanzo, kwa hiyo vitu vya zamani wana maneno yao. Klachi kwao ni Kupplung, na hawana habari na ya Mwingereza. Lakini vilipokuja vitu vipya nao wakaanza kuazima. Wana Airbag, wana Spoiler, wana Tuning, wana Crashtest. Aliwahi kuja mhandisi wa Kijerumani kutufundisha injini mpya, akawa anashangaa jinsi mafundi wetu wanavyochanganya Kiingereza. Mzee Faharasa alishuka na droo nzima mkononi, akamsomea maneno ya Kiingereza yaliyomo kwenye kitabu cha Kijerumani, moja baada ya jingine, kwa sauti ya upole. Lilipofika la ishirini mhandisi aliinua mikono juu, akaomba tu mama yake asiambiwe, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa lugha. Karakana nzima ilicheka. Mzee alipanda ngazi zake, akarudi kwenye ukuta wake.

Nyumbani hali si tofauti sana na huko juu. Mke wake alifariki miaka kumi na minne iliyopita. Mwanawe wa pekee ni fundi umeme wa magari Ujerumani, ameoa huko, na ana binti wa miaka sita anayependa magari ya kuchezea kuliko midoli. Mjukuu huyo hajui Kiswahili. Baba yake yuko kazini kuanzia alfajiri, hakupata muda wa kumfundisha, na wala hatumlaumu. Kila Jumapili mchana wanapiga simu. Babu ana Kijerumani, ndiyo, lakini ni kile cha nati na boliti. Mtoto akimweleza kuhusu shule hasikii kitu. Basi wakagundua mchezo. Mtoto anashika gari mbele ya simu, anagusa kitu na kukitaja, na babu anataja cha kwake. Yakifanana, wote wanapiga makofi. Mzee Faharasa aliyahesabu maneno yanayofanana pande zote mbili, mengi yao yale ya kuazima kwa Mwingereza, akapata kumi na saba. Yakiisha hayo mtoto anapunga mkono, simu inakatwa, na Jumapili bado ni ndefu. Utamwambiaje mjukuu wako kwamba umemkumbuka kwa maneno kumi na saba ya magari?

Hapa mwandishi inabidi akiri jambo, na anaomba ofisi ya utumishi isilifute.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mwandishi alimzika mama yake, ambaye alikuwa akiishi naye, wawili tu. Alirudi kazini siku ya Jumatano. Watu walikuja dirishani kama kawaida, wakasema namba za vipuri, wakapewa, wakaondoka. Wengine walitoa pole kupitia tundu la kioo, foleni ikisukuma nyuma yao. Saa nne simu ikalia. Mzee Faharasa alitoa pole zake, kisha akauliza lile puto linalofumuka kwenye usukani gari linapogonga, mnaliitaje? Jibu lilikuwa eabegi. Kila fundi aliliita eabegi. Lingechukua sekunde mbili, angesema ahsante, simu ingekatwa, na mwandishi angebaki anakitazama kioo mpaka jioni.

Mwandishi alisema, "Huku wanaliita mto wa dharura."

Hakuna mtu aliyewahi kuliita hivyo. Mzee akauliza ni nani wanaosema. Mwandishi akabuni dereva. Akauliza wa basi au wa lori. Akabuni basi. Akauliza kama wanasema unafumuka au unapasuka, na mwandishi, ambaye sasa alikuwa amekaa chini na mkono umeushika uzi wa simu, akaeleza kwa kirefu kwa nini unafumuka. Mazungumzo yalichukua karibu dakika ishirini. Ndiyo dakika pekee za wiki ile ambazo mwandishi anazikumbuka vizuri.

Mwandishi alidhani mzee ataligundua na kulitupa. Miezi mitano baadaye kitabu kilitoka, na ukurasa wa mia mbili kumi na nne ulikuwa na kichwa cha habari: Mto wa Dharura. Mafundi walicheka mwanzoni. Mwaka ulipogeuka, dereva mmoja alijaza fomu ya ajali akaandika, "Mto ulifumuka, nikapona." Leo vijana wa zamu ya jioni hawajui kama kuna neno jingine. Mwandishi ameuza mito ya dharura dirishani kwa miaka yote hii huku akitazama pembeni.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, simu ya saa nne ililia na Mzee Faharasa hakuuliza neno. Alikuwa na habari. Jumapili mjukuu alishika kigari chake akagusa usukani akasema Airbag, naye babu, mtu wa kufuata kitabu chake, akajibu mto wa dharura. Hayakufanana. Mtoto akamuuliza baba yake mto ndio nini. Baba akaenda kitandani kwake akachukua mto, akamwonesha. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini: gari lina mto! Tangu siku ile, baba yake anasema, halali mpaka aupige mto wake kofi na kusema kwa Kiswahili safi kabisa, "Mto." Ni neno lake la kwanza la lugha ya babu yake. Mzee alikuwa akieleza kwa sauti ambayo mwandishi hajawahi kuisikia kwake, akarudia mara tatu kwamba si la Kiingereza, ni letu, letu kabisa.

Mwandishi alimwambia kuna mteja dirishani, akakata simu. Hapakuwa na mteja. Alikuwa na aibu. Mzee huyu amechunga maneno kwa karibu miaka thelathini asiandike uongo hata mmoja, na neno pekee alilonalo mjukuu wake ni uongo uliotungwa na mtu ambaye alitaka tu simu isikatwe. Mwandishi aliamua atalisema kabla ya tarehe thelathini, hata kama ni kwenye kijitabu hiki.

Jumanne iliyopita ofisi ya utumishi ilitaka idadi ya kadi, ili wasifu uwe na takwimu. Mwandishi alipanda zile ngazi ishirini na saba mchana, mzee akiwa kliniki ya macho. Alihesabu kadi elfu nne mia tatu na themanini. Akitafuta ujasiri, alifungua droo ya herufi M na kuitoa kadi ya mto wa dharura. Mstari wa mdomo ulisomeka: Dirishani, peke yake. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, palikuwa na maneno haya: "Nimewauliza mafundi wote tisa. Hakuna anayesema hivi. Amelitunga. Leo alikuwa na sauti ya mtu asiyetaka kukata simu. Libaki."

Ofisi ya utumishi inisamehe, nafsi ya tatu imenishinda. Nilikaa kwenye kile kiti kimoja nikalia kama mtoto.

Alijua. Siku ile ile alijua, na akaivunja sheria yake mwenyewe, akaupeleka uongo wangu kwa mchapaji, kisha kwa mjukuu wake. Na hajawahi kunitania kwa hilo hata siku moja, mtu huyu ambaye klachi arobaini hajaziacha mpaka leo.

Nikafungua na droo ya herufi S, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine ambalo lilikuwa likinisumbua. Mzee Faharasa amekuwa akiniuliza stata. Kile kidude cha kuwashia injini, binti, mnakiitaje? Namjibu: stata. Baada ya miezi ananiuliza tena. Mimi niliona mzee anaanza kusahau, na sikutaka ajue kwamba nimegundua, kwa hiyo kila mara nilimjibu kama ndiyo kwanza naulizwa. Hata nilikuwa najifanya nafikiri kidogo. Niliona huruma, jamani. Nilijiona mwema.

Kadi ya stata iliandikwa mwaka wake wa kwanza wa kutafsiri, kabla hata mimi sijaajiriwa. Mdomo, ulioongezwa baadaye kwa wino mwingine: fundi umeme, zamu ya mchana. Chini yake kuna tarehe kumi na tisa, zimepangwa vizuri, na mbele ya kila moja limeandikwa neno moja tu: Dirishani. Hakusahau hata moja. Tarehe ya kwanza ni ya wiki aliyozikwa mkewe. Kumi na moja kati ya zilizobaki ni Jumatatu, siku inayofuata baada ya yale maneno kumi na saba kuisha.

Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa siri, na hakuna aliyepanda wala kushuka ngazi akasema, leo nipo mpweke, nipishe nikae. Dakika chache za saa nne tukaona zinatosha. Mimi sasa nasema hazikutosha, na najuta kwa zile ngazi.

Nafasi yake haitajazwa. Vitabu vipya vitakuja kwenye kompyuta, vimeshatafsiriwa huko huko, na tumeviona: vinasema mambo mengi ambayo hakuna mdomo uliowahi kuyasema. Ofisi yake itawekwa matairi. Kabati nimeliomba, nimepewa, na jana vijana wanne wa stoo walilishusha kwa kamba huku wakilitukana. Limesimama nyuma yangu, mahali ilipokuwa ile rafu ya zamani ya klachi. Koti sikuligusa, ni lake. Kile kiti cha pili nilikwenda mwenyewe uhasibu nikakichukua, yupo mtu alikuwa amekikalia, akasimama. Kipo upande wa ndani wa dirisha, kando ya simu. Hakina mtu.

Kwa niaba ya karakana, stoo, uhasibu ambao bado wananinunia, na kila dereva aliyefika salama kwa sababu fundi alielewa alichosoma: ahsante sana, Mzee wetu, kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Macho yapone, magoti yatulie, na Jumapili zako zipate maneno mengi kuliko kumi na saba. Tunakuombea mapumziko yenye watu ndani yake.

Jumatatu tarehe tatu Julai nitakuwa dirishani kama kawaida. Kiti kipo. Siku usiyoweza kuja, namba ya nje unayo, na ndani bado ni kumi na nne. Nipigie saa nne uniulize stata, mara ya ishirini. Safari hii sitajifanya nafikiri. Nitakwambia kwanza kwamba nilikuwa nakusubiri, ndipo nikujibu.